Kopo la Soketi Mbovu

Kila nikitoka shule nilipitia gereji kwa shangazi, fundi umeme wa magari. Nilikuwa nafagia huku nikimtania kuhusu kopo lake la soketi mbovu, vile viungio vya plastiki vya nyaya za taa.

"Shangazi, takataka hizi unamtunzia nani?"

"Watu wenye haraka kama wewe."

Siku moja mama, ambaye ni mkunga, alileta gari lake. Taa za mbele zilikuwa zinawaka na kuzimika, na jioni hiyo alitakiwa kwenda mbali kumzalisha mama mmoja. Shangazi alitenganisha betri, akafungua soketi ya taa na kunipa kioo cha kukuzia. Nilipigwa na butwaa! Ndani mlikuwa na ncha nyembamba zenye kutu ya kijani. Kitu kidogo vile ndicho kilichozima taa kubwa.

"Usiguse. Nakwenda kununua dawa ya kusafishia hii kutu," shangazi alisema.

Mimi na kichwa changu kigumu, nikaona nisaidie. Nilichomoa mpira unaozuia maji, nikauloweka kwenye petroli, nikasugua ncha kwa mswaki wa zamani. Kutu haikutoka. Mpira nao ukavimba, ukakataa kurudi mahali pake.

Shangazi alirudi na kopo la dawa ya kupulizia. Ningeweza kunyamaza. Lakini mama alikuwa anatazama saa.

"Shangazi, ni mimi. Nimetumia petroli."

Alikunja uso. "Kanawe mikono kwa sabuni. Na hiyo petroli ikauke kabisa kabla sijagusa betri, tusije tukaungua."

Kisha akamimina lile kopo nililolicheka, akapata soketi ya aina ileile na kuchomoa mpira wake mzima. Dawa mpya aliipulizia kwanza kwenye soketi nyingine mbovu, akangoja. Plastiki haikulainika, mpira haukuvimba. Ndipo akasafisha ile ya mama taratibu, akaiacha ikauke, akaivisha ule mpira mzima, akaunganisha betri.

Taa ziliwaka, ukuta wote ukang'aa.

"Dawa nzuri hutoa uchafu bila kula plastiki wala mpira," alisema shangazi. "Soma maandishi ya kopo la dawa, tenganisha betri, jaribu kwenye kibovu kwanza. Na ukikosea, sema mapema kama leo. Ungenyamaza, maji yangeingia na mama yako angebaki gizani njiani."

Mama aliondoka kwa wakati. Niliuokota ule mpira uliovimba, nikautia mwenyewe ndani ya lile kopo la soketi mbovu.