Ruhusa Haipandi Ndege

Kila Jumanne Beldina alimpeleka bibi kizee wa nyumba aliyofanyia kazi kupimwa presha kliniki, mtaa wa Sharafiya, Jeddah. Dereva aliwashusha mlangoni. Beldina alimwinua bibi kutoka kwenye gari, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, kisha akasimama kidogo ameshika kiuno. Bibi yule alikuwa mwepesi wa maneno lakini mzito wa mwili. Kumwinua ilikuwa kazi ya Beldina peke yake, mara sita kwa siku. Mgongo wake ulikuwa umeanza kulalamika.

Muuguzi wa kliniki aliitwa Bi Kijakazi. Wazazi wake walihama Unguja zamani. Yeye alizaliwa Jeddah, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja hasa.

"Mgongo huo umeuonesha kwa daktari, mwanangu?" aliuliza akimfunga bibi kipimo mkononi.

"Bado, Bi Kijakazi. Lakini dawa yangu iko njiani. Mdogo wangu Rosebellah anakuja nayo leo kutoka Uswisi."

Rosebellah alikuwa mfanyakazi wa ndani kule Riyadh, mtaa wa Al-Malqa. Matajiri wa Al-Malqa hawapendi joto la Agosti. Mwaka ule wa 2018 tajiri wake aliihamishia familia Geneva kwa miezi miwili, na Rosebellah akaenda kulea watoto. Bahati nzuri, kaka yao Reuben alikuwa akiishi Geneva, akifua mashuka ya hoteli. Reuben ndiye aliyempa Rosebellah mzigo wa kumletea dada yao.

Beldina alitoa simu akaonesha picha ya dawa. Ilikuwa chupa ndogo ya mafuta na pakiti ya majani ya chai. Juu ya pakiti palichorwa jani lenye vidole saba.

Bi Kijakazi aliitazama picha mpaka akasahau kusoma presha.

"Hii bangi, Beldina."

"Ni bangi ya dawa, hailevyi. Serikali ya kule imeiruhusu. Reuben anasema inauzwa dukani karibu na sabuni."

"Kule wapi?"

"Uswisi."

"Na hapa tuliposimama ni wapi?"

Beldina aliitazama tena picha. Swali dogo kama lile hakuwa amejiuliza hata siku moja. Alikuwa amesikia neno "serikali" na neno "Ulaya", akaona yametosha.

"Hebu nisikilize," alisema Bi Kijakazi. "Kila kiangazi wagonjwa hutuuliza dawa gani wabebe na gani waache, kwa hiyo nimejisomea. Waswisi hawakuifungulia bangi mlango wote. Ile yenye chembe kidogo sana za kulevya, chini ya moja katika mia, ndiyo inayouzwa dukani. Ile kali bado ni marufuku. Mtu mzima akikutwa anaivuta, kwa kawaida hutozwa faini yakaisha. Hiyo ni sheria yao, kwao. Hata Wafaransa waliopakana nao wana sheria nyingine."

"Na Saudia?"

"Saudia bangi ni bangi. Hawaulizi kali wala hafifu, ya kuvuta wala ya kujipaka. Ukikutwa nayo unafungwa, na kifungo kikiisha unarudishwa kwenu. Ukiiingiza kutoka nje, nnakwambia, hukumu inaweza kufika hata kifo. Ruhusa ya Waswisi inabaki kwa Waswisi. Haipandi ndege."

Beldina aliifunga picha ile haraka.

"Mdogo wako anajua amebeba nini?"

Hapo ndipo palipomchoma. Rosebellah hakujua. Reuben alifunga kila kitu kwa karatasi na gundi, akamwambia ni mafuta ya nywele ya dada. Beldina alikubali uongo ule, naye akamwambia hivyo hivyo kwa simu. Aliona ni wa heri tu, Rosebellah asije akaogopa bure. Na nani asiyejua desturi yetu? Mtu akisafiri, kila rafiki anamtupia kifurushi chake, na msafiri anaona haya kufungua. Kufungua ni kama kumwita mwenzako mwizi. Kwa haya hizo watu wamebeba mambo.

"Hajui," alisema Beldina kwa sauti ndogo. "Na mzigo ameutia kwenye begi la watoto wa madam wake. Begi lake lilijaa."

"Wanatoka hotelini saa ngapi?"

"Saa sita, kwa saa za hapa."

Saa ya ukutani ilionesha saa tano kasoro dakika kumi.

Beldina alipiga simu ya Rosebellah. Ilikuwa imezimwa, maana madam hakutaka kuona simu siku ya kufunga mizigo. Alituma ujumbe wa sauti, akatuma wa pili na wa tatu. Hakuna uliofika. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Bibi wa nyumba alichoka kumtazama.

"Yalla, Beldina, kaa," alisema bibi. "Unanitia kizunguzungu."

Akampigia Reuben. Reuben alikuwa na mdomo mtamu. Angekuuzia mvua wakati wa masika na bado ukamshukuru.

"Sista, punguza presha," alisema Reuben. "Huku hii kitu ni legal. Polisi wenyewe wanapita dukani wakiiona."

"Reuben, huku si huko!"

"Ni mafuta tu. Nani atajua? Si nimetoa hata label kwa chupa?"

Bi Kijakazi alinyoosha mkono akaomba simu.

"Mwanangu Reuben, mimi muuguzi, niko na dada yako. Umesema umebandua karatasi ya chupa?"

"Ndio, mama. Isilete maswali."

"Basi umeharibu zaidi. Kitu kilichofichwa kinaonekana ni cha magendo. Askari wa forodha akikikuta ataupeleka mzigo kupimwa, na mashine haitamuuliza Rosebellah kama alijua. Yeye ndiye atakayelala ndani. Wewe utakuwa huko unafua mashuka."

"Hiyo sikuifikiria, mama," alisema Reuben.

"Kutoka ulipo mpaka hoteli yao ni muda gani?" Bi Kijakazi aliuliza.

"Dakika hamsini, na tramu."

"Nenda. Usikate simu."

Beldina aliiweka simu sikioni akaibana. Alisikia Reuben akikimbia. Akasikia kengele ya tramu, na watu wakisema Kifaransa. Tramu ilisimama kila kituo, na kila kituo Beldina aliiona kama imesimama kifuani mwake. Saa tano na nusu. Saa sita kasoro robo. Aliomba Mungu, akamkemea Reuben, akajikemea mwenyewe, yote kwa pumzi moja.

Saa sita kasoro dakika tano alisikia Reuben akihema. "Nimewaona. Wanapakia mabegi kwa gari."

"Mwambie ukweli!" alisema Beldina. "Mwambie mimi ndiye nimesema."

Alisikia sauti ya Rosebellah ikiuliza kuna nini. Reuben alinong'ona. Kisha zipu ilifunguliwa. Kisha sauti ya mwanamke mwingine, kali, kwa Kiarabu: "Kuna nini kwenye begi la wanangu?"

Simu ikakatika. Chaji ya Reuben ilikuwa imekwisha, na mpaka usiku hakupatikana tena.

Siku hiyo Beldina alipika wali akausahau motoni. Alipiga pasi kanzu moja mara mbili. Hakujua kama mzigo ulitoka au ulibaki, wala kama madam aliita polisi. Jua lilitua, bado hajui.

Asubuhi, akimchemshia bibi maziwa, simu ililia.

"Nimefika Riyadh," alisema Rosebellah. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Asante Mungu. Madam alisemaje?"

"Nilimwambia yote. Nilidhani ananifukuza. Alisema tu, 'Mpe kaka yako vitu vyake. Halas, yamekwisha.' Hajaniongelesha tangu jana. Dada, unajua walifungua begi gani uwanjani hapa Riyadh?"

"Lipi?"

"La watoto. Walitoa nepi moja moja. Madam aliniangalia, nami nikamwangalia."

Maziwa yalifurika, hakuna aliyeyajali.

"Uliniambia ni mafuta ya nywele," alisema Rosebellah, na sasa alikuwa analia. "Wewe ndiye ulinilea. Ningefungwa nikiwa bado nakuamini."

"Nisamehe," alisema Beldina. "Bila dawa ile mgongo ungeendelea kuuma tu. Wewe ukifungwa, ningekupata wapi?"

Beldina alizima jiko, simu ikiwa bado sikioni.

Jumanne iliyofuata Bi Kijakazi alimwingiza Beldina kwa daktari. Daktari alimpima, akampa dawa, akamfundisha kupiga magoti kwanza kabla ya kuinua. Pia aliandika barua kwa madam wake wa Jeddah kwamba bibi ainuliwe na watu wawili. Madam alinuna siku mbili, siku ya tatu akamwamuru mwanawe mkubwa asaidie. Baada ya mwezi mmoja Beldina aliweza kuinama bila kushika ukuta.

"Na kama siku moja nitahitaji kweli kubeba dawa safarini?" alimuuliza Bi Kijakazi.

"Uliza kwanza sheria ya unakokwenda. Kaa na barua ya daktari, na dawa iwe ndani ya boksi lake. Ikiwa hujui, usibebe."

Desemba familia ya Al-Malqa ilikuja Jeddah kwa wiki moja. Rosebellah alikuwa karibu kwenda likizo nyumbani Kenya. Beldina alimletea zawadi za mama yao katika mfuko ulio wazi. Kabla hajaombwa alimwaga kila kitu mezani: kitenge, tende, viatu vya mpira. Rosebellah alikunjua kitenge chote, akaingiza mkono ndani ya kila kiatu. Kisha akachukua tende moja, akaipasua katikati akaangalia ndani.

"Hata tende, Rose?"

"Hata tende, dada."

Beldina alivuta kiti, akaanza kumsaidia kuzipasua.