Skrini Aliyoibeba Nzivo

Siku ya mwisho ya kujaza ritani za kodi, foleni ya saiba ya Kathini, duka lake la intaneti pale mtaa wa Fedha, ilitoka mlangoni ikapinda hadi kwa muuza mahindi. Ndani ya foleni hiyo alisimama Nzivo, fundi wa skrini kutoka Lucky Summer, na shati la samawati lililopigwa pasi upande wa mbele tu.

"Na mgongo je, fundi?" Kathini akamuuliza alipogeuka.

"Mgongo huonyeshwa mke, mrembo."

"Basi usigeuke hapa."

Foleni nzima ikacheka. Miezi minane baadaye walikuwa wanaitana "wangu" mbele ya wateja, bila haya.

Kisha Jumatatu moja skrini ya pili ya Kathini ikaanza kupepesa kama jicho lenye vumbi. Nzivo akaichomoa, akaikumbatia, akaenda nayo. "Naileta Ijumaa, wangu." Simu ya Kathini nayo ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la nguo, amebaki na kabambe, simu ndogo ya kupiga tu. Ujumbe aliusoma kwenye kompyuta yake ya Linux, maana Kathini halipii kinachopatikana bure.

Hapo mambo yakaacha kueleweka. Kompyuta inalia ting, ujumbe umeingia. Kathini akibofya, hakuna kinachofunguka, ingawa alama pale chini inasema programu iko wazi. Anazima, anawasha. Ting. Patupu. Hata kishale cha mausi kikawa kinatembea kulia na kutoweka, kama mgeni aliyeona vyombo vichafu.

Alhamisi Nzivo akapiga.

"Wangu," Kathini akadakia, "skrini imepona?"

"Yaani hilo ndilo unaloniuliza?"

"Niulize nini? Siku nne umeninyamazia."

"Mimi? Kathini, nimeona alama za kusomwa. Umesoma jumbe zote."

"Nimesoma nini? Kompyuta inalia tu, haifungui kitu."

"Hiyo waambie wateja. Kama ni hapana, sema hapana."

"Hapana ya nini, Nzivo?"

Akakata. Kathini akapiga tena, imezimwa.

"Ameoa huyo," akasema Kezia, fundi cherehani wa mlango wa pili, sindano mdomoni. Ushauri wa jirani hauna risiti. Ukiharibika huwezi kuurudisha. Chai ya Kathini ilichemka ikafurika jikoni, yeye akiiangalia tu.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Nzivo akaingia, skrini kifuani, macho sakafuni.

"Mali yako hii. Naenda."

"Ichomeke kwanza, nione kama inawaka."

Akainama nyuma ya meza. Akakaa huko muda mrefu.

"Hii adapta ya skrini imebaki kwenye kompyuta wiki nzima?"

"Si wewe uliyeiacha?"

Akachomeka. Skrini ikawaka, na katikati yake dirisha la ujumbe, wazi, limejaa jina la Nzivo kutoka juu hadi chini.

"Kwa sababu ya adapta, kompyuta ilidhani skrini bado ipo," akasema polepole. "Ikawa inakufungulia huko, na kuhesabu umesoma."

"Huko wapi?"

"Kwenye skrini hii. Ilikuwa benchini kwangu."

"Kumbe fundi ulikuwa unajiandikia."

Hakucheka. Kathini akasoma ule wa mwisho: *Mbuzi watatu wa ntheo nimewafunga soko la Kiamaiko. Nikiwafikisha kwa baba yako kule Masii kesho Jumamosi, nimekuposa. Usiponijibu leo, nitawauza, na nitakuwa nimeelewa.*

Akausoma tena. Akavuta kibodi, akaandika. Simu ikalia mfukoni mwa Nzivo.

"Si useme tu, niko hapa."

"Soma. Na mimi nimengoja wiki nzima."

Akasoma: *Ndiyo. Na ongeza mbuzi wa nne, wa adapta.*

Nzivo akageukia ukuta haraka, afute macho asionekane. Ndipo Kathini alipouona mgongo wa lile shati la samawati, umenyooshwa kwa pasi hadi kwenye kola.