Aligonga Mara Moja

Bomba liligongwa mara moja, ngo! Adhuhuri kweupe, na chini kwenye chemba, shimo la majitaka, hakukuwa na mtu. Mama Koki akaifunga koki kabla hajajua anafanya nini. Ndipo akakumbuka kwamba mgongaji mwenyewe hayupo, mwezi wa nne sasa.

Mabwawa ya majitaka ya kijiji kile waliyatunza wawili, yeye na mumewe. Mume alishuka chemba na spana kuzibua bomba, mke akabaki juu kwenye kibanda cha koki. Mume akigonga bomba mara mbili, fungua maji. Mara moja, funga. Kisha mume akatoweka, na kwa kuwa muuza nyanya naye alihama wiki ileile, watu wakajimalizia: wametoroka. Mama Koki hakukanusha. Kila asubuhi mama mkwe wake, kikongwe asiyeona, alimlaani mwanawe mhuni, na mkwe akamsikiliza huku akimkorogea uji. Moyo wa aina gani huo, jamani!

Siku ya pili likagonga tena, ilhali koki imekazwa. Siku ya tano harufu ya tope la chini kabisa la bwawa ikamfuata hadi kibandani, ikakaa kwenye nguo zake, na bomba likawa linagonga, linanyamaza, linagonga, moja, moja, moja, naye ameikumbatia koki kwa mikono miwili akilia, "Nimefunga! Nimefunga, baba, unataka nifunge nini tena?"

Maji yalipofurika hadi kwenye bustani za watu, mwenyekiti akaleta mganga. Mganga akachuchumaa kando ya chemba.

"Anagonga mara ngapi?" akanong'ona.

"Moja."

"Na siku aliyopotea, aligonga?"

Aligonga. Asubuhi ile walikuwa wamegombana juu ya huyo muuza nyanya, na mume aliona ni mambo ya kucheka. Ngo moja ilipokuja, Mama Koki alikaa na hasira zake akisema, na asubiri kidogo, akome. Alipokuja kufunga, chemba ilikuwa imejaa pomoni, na mume ameshasombwa bwawani.

"Hakugonga," akajibu.

Mganga alimtazama sana. "Haya. Mimi namtoa hapa tu. Kama umenificha jambo, pa kwenda atapajua mwenyewe."

Akafukiza, akasoma, akapiga bomba kwa fimbo. Likanyamaza. Maji yakashuka, mwenyekiti akashukuru mpaka basi, na Mama Koki akarudi nyumbani mwepesi, akacheka hata na majirani.

Jua linazama, anapepeta mchele, mlango ukagongwa. Mara moja. Harufu ikapenya chini ya mlango.

Kikongwe akainua uso. "Mkwe, mkono huo naujua."

"Mama, usifungue. Nakuomba."

"Nisimfungulie mwanangu?" Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, akipapasa ukuta mpaka akalifikia komeo, na Mama Koki alipoinuka kumzuia ungo ukamtoka, mchele ukamwagika wote. Komeo likavutwa.

"Yarabi, mbona umelowa hivi?" kikongwe akauliza gizani. Akatega sikio. Kisha akageuka, na tabasamu limekwisha.

"Mkwe," akasema taratibu, "anasema ulimsikia."