Shikamoo Iliyokataliwa

Kila asubuhi Lea alifagia uwanja, akajaza mtungi maji, akala kiporo, kisha akaelekea shuleni na jembe begani. Siku za Ijumaa aliongeza mzigo uliowachekesha watu tangu sokoni Kilosa hadi kituo cha reli. Ulikuwa tundu dogo la spoku za baiskeli, lenye mkanda wa tyubu na kingo zilizoshonewa mto wa sufi.

"Kuku wa Mwalimu huyo!" wenzake walimtania. "Leo umetaga mangapi?"

Lea alikaza mwendo. Alikuwa darasa la sita tu, lakini yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa besiboli wa shule nzima. Alichaguliwa siku alipojaribiwa kuamua, akamtoa nje ya mchezo kaka yake mwenyewe, Yeremia, bila kupepesa macho.

Mchezo huo uliletwa na Mwalimu Donati, aliyefundishwa chuoni na mwalimu mgeni. Vifaa vya dukani hawakuwa navyo, lakini Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili, na neno kujitegemea lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Basi wanafunzi walichonga rungu la mninga, wakasokota mpira kwa vipande vya tyubu na nyuzi za katani, ukawa mgumu kama embe bichi. Mwamuzi husimama nyuma ya mpigaji na mdakaji, kwa hiyo mpira ukiwaponyoka wote wawili humjia yeye usoni. Wiki ya kwanza Mwalimu Donati aliamua mwenyewe, na wiki hiyohiyo aling'oka jino.

Ndipo Mzee Lupakisyo, fundi wa baiskeli pale sokoni, alipotengeneza ile kinga ya uso. Alipinda spoku nane, akazikaza kwa waya, akazigonga kwa nyundo kuzijaribu. Lea alipotaka kumshukuru, mzee alimkatiza. "Asante yangu ni hayo macho yako yabaki mawili."

Taabu ilianza Ijumaa moja, Bibi Mwanasha muuza vitumbua alipopita kando ya uwanja. Lea alimwamkia akiwa ndani ya tundu lake. Jioni malalamiko yalikuwa yamefika nyumbani.

"Mwanao ameniamkia kama mahabusu dirishani," Bibi Mwanasha alimwambia mama yake Lea. "Uso siuoni, mdomo siuoni. Shikamoo gani hiyo?"

Mama aliona haya. "Lea, usirudie tena. Mtu mzima anaamkiwa uso wazi. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

Lea hakuwa mtoto wa kuambiwa mara mbili, na safari hii usikivu wake nusura umponze.

Jumamosi iliyofuata wanafunzi wa Mikumi waliwasili kwa treni kucheza na Kilosa. Walicheza mpaka jua likawa kali, na shule zote mbili zikawa zimefungana. Mpigaji wa mwisho wa Mikumi alikuwa Sironga, kijana mrefu aliyezoea kushika rungu tangu akichunga ng'ombe wa baba yake. Mrushaji aliinua mkono. Wakati huohuo kengele ya baiskeli ililia nyuma ya Lea. Mzee Lupakisyo alikuwa amekuja kuitazama kazi ya mikono yake.

Lea alikumbuka maneno ya mama. Kama kuna mtu aliyestahili kuamkiwa uso wazi, ni mzee huyu. Aligeuza shingo, akaipandisha kinga hadi juu ya paji la uso.

"Shikamoo, babu!"

"Siitaki!" mzee alipiga ukelele. "Shusha hiyo! Shusha!"

Watu walipigwa na butwaa. Hakuna aliyewahi kusikia mtu mzima akiikataa shikamoo. Lea alijisikia vibaya sana. Aliishusha kinga, akageukia mchezo ili watu wasiyaone machozi yake. Kabla mkono haujaachia mkanda, mpira ulikwaruza rungu la Sironga, ukamkosa mdakaji, ukamgonga Lea usoni. Alianguka chini puu!

Sironga alitupa rungu, akamkimbilia. "Pole, dada! Unaniona?"

Spoku mbili zilikuwa zimebonyea mbele ya jicho la kulia. Jicho lenyewe lilikuwa zima.

"Nakuona," Lea alisema akijipangusa vumbi. "Mpira umetoka nje. Rudi ukapige tena."

Sironga alirudi, akapiga vizuri mno, na Mikumi wakashinda.

Jioni ile mama alimshika Lea mkono, wakaenda kwa fundi. Kwa mkono wa pili mama alimkumbatia kuku.

"Kosa ni langu, mzee," mama alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia afunue uso. Umeniokolea mwanangu."

"Hukumfundisha vibaya, mama. Ila shikamoo haichachi," Mzee Lupakisyo alijibu. "Angeniamkia mchezo ukiisha, hata kesho, ningeipokea. Jicho likitoka, tutalirudisha na nini? Kinga huvaliwa hadi hatari ipite. Na mtoto anayejilinda amewaheshimu wazazi wake tayari."

Lea alipiga goti, uso wazi. "Shikamoo, babu. Na asante sana."

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba ya mchana na marahaba ya sasa." Mzee alimpokea kuku akicheka. "Nasikia kwenu mna kuku wawili. Huyu nimempata. Yule mwenye tundu mtunzeni."

Ijumaa iliyofuata Bibi Mwanasha alipita tena uwanjani. Lea alisikia kandambili zake, shingo ikataka kugeuka.

"Usinigeukie!" bibi alimpigia kelele. "Tazama mpira wako!"

Alitua sinia lake la vitumbua, akaketi kando ya uwanja, akaingoja shikamoo yake mpaka mchezo ukaisha.