Betri Iliyofungwa kwa Haraka

Ndugu zangu mnaotafuta riziki kwa magurudumu mawili, na ninyi mnaopanda nyuma yao mkiwashika mabega, kisa hiki ni chenu. Msije mkasema hamkuambiwa.

Nyuma ya karakana ya maseremala kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili yenye amani. Kila asubuhi mama alikuwa ndani akikanyaga cherehani, baba alikuwa nje akifuta pikipiki yake kwa kitambaa cha sabuni, na binti yao wa pekee, mwenye chuma cha kutegemeza mguu wake dhaifu wa kushoto, alikaa kizingitini akijisomea kwa sauti. Mtaa mzima ulimwita baba huyo Disko. Pikipiki yake ilikuwa na taa za buluu kwenye magurudumu, taa nyekundu chini ya kiti, spika mbili, na honi yenye milio mitano. Ikipita, hata kuku walijua ni nani.

Disko hakuwa mtu mbaya. Tangu binti aanze shule, hakukuwa na asubuhi hata moja aliyomwacha apande kilima cha kwenda shuleni kwa miguu. "Mguu wako ni hii pikipiki," alimwambia, na binti akamwamini. Kasoro yake ilikuwa moja tu, haraka. Hata chai aliinywa amesimama.

Betri yake ya kwanza ilipochoka, alikwenda kwa Mama Chaji, mwanamke mwenye kibanda cha kuuza na kuchaji betri. Mama Chaji hakukurupuka. Aliomba kitabu cha maelezo ya pikipiki, akatafuta ukubwa wa betri ulioandikwa humo, akaigeuza betri kusoma tarehe ya kutengenezwa, ndipo akaanza kumimina asidi pole pole, chumba kimoja cha betri baada ya kingine.

"Haya, iache hapa ipumzike, kisha niichaji taratibu. Njoo kesho."

"Kesho? Mama, betri mpya ichajiwe ya nini?"

"Mtoto mchanga naye ni mpya. Mbona ananyonya?"

"Abiria wangu hawanyonyi, wanasubiri. Nifungie tu."

Mama Chaji alimtazama, akaguna. "Nitakufungia, mali ni yako. Ila siku ikikuangusha usije hapa kusema nimekuuzia bovu. Na maji yakipungua, weka yale yaliyosafishwa ya kuongezea betri. Si ya bomba, wala usiongeze asidi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama," alijibu Disko, tayari amempa mgongo. Sikio la kufa halisikii dawa, na siku ile sikio hilo lilikuwa limevaa kofia ya pikipiki.

Miezi ikapita. Maji ya betri yaliposhuka chini ya mstari, Disko alichota bombani akisema maji ni maji. Vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa, viliota unga mweupe; akashusha kiti juu yavyo asivione. Mkewe alimwambia, "Mume wangu, siku hizi stata inakohoa kabla ya kuwaka. Ipeleke ikapimwe."

"Ni baridi tu ya asubuhi."

Baridi! Ilipokohoa saa saba mchana, jua likichoma bati, sijui aliipa jina gani.

Basi ikafika siku ya kwanza ya mtihani wa mwisho wa shule. Baba na binti waliondoka mapema, taa zote zikiwaka na muziki juu. Katikati ya kilima mkoba wa binti ulilegea. Disko akazima injini ili aukaze kamba, muziki akauacha uendelee. Alipobonyeza stata, ilitoa mlio mdogo: tik. Akabonyeza tena, tik. Muziki ukakatika, taa za buluu zikafifia moja moja. Pikipiki ile haikuwa na kiki ya kuiwashia kwa mguu. Alijaribu kuisukuma na kuingiza gia, injini ikashtuka kidogo na kunyamaza. Barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma.

"Baba, lango linafungwa saa mbili."

"Kaa juu, mwanangu. Usishuke."

"Nitakuongezea uzito."

"Nimesema usishuke!"

Akainamisha kichwa, akasukuma. Jasho lilimwingia machoni, kiatu kikachanika, lakini hakusimama. Binti alishika usukani, akilia kimya kimya. Walifika mlinzi akiwa ameshashika komeo. Binti aliruhusiwa kuingia, ila alichelewa kuanza kuandika, bado anafuta machozi, na maswali mawili ya mwisho hakuyagusa.

Disko alikaa chini nje ya lango akalia. Alikuwa amemwahidi mtoto mguu, akampa taa.

Kisha aliinuka, akaisukuma pikipiki mpaka kwa Mama Chaji. Mama Chaji alipima betri, mshale wa mita ukainuka nusu na kukata tamaa. Akafungua vifuniko, akaonyesha utando mweupe ndani. "Hii haikufa leo. Ulianza kuiua siku uliyonipa mgongo."

Disko hakubisha. Aliazima spana na bisibisi, akafungua taa za buluu, nyekundu, spika na ile honi, moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye ndoo. Akachagua betri nyingine. "Ichaji, mama. Mara hii nasubiri."

Jioni umeme ukakatika, ukarudi alfajiri. Asubuhi Mama Chaji alimwambia ukweli: "Imekula nusu. Nikikufungia itawaka, na mtihani mtauwahi. Lakini utakuwa umeipunguzia maisha kama ile."

Hapo ndipo haraka ilipomrudia. Binti alikuwa amesimama pembeni na mkoba wake, saa inakwenda. Disko aliitazama betri, akavuka barabara kwenda kijiweni kwa Kobe. Kobe alikuwa dereva mtu mzima mwenye pikipiki isiyo na pambo hata moja, na Disko ndiye aliyempachika jina hilo, kila siku akimtania kama ameamka au bado.

"Kaka," alisema Disko, na neno hilo lilimtoka kwa shida. "Nisaidie kumfikisha mwanangu shuleni. Betri yangu haijawa tayari."

Kobe alimtazama, akatabasamu. "Panda, binti. Leo Kobe ana abiria wa maana." Alibonyeza stata mara moja tu. Betri yake ilikuwa kwenye mwaka wa nne.

Disko alikaa kwenye stuli kando ya chaja mpaka betri ikashiba, akijifunza kusafisha vichwa na kuvipaka grisi, na kuangalia kile kimrija cha kutolea hewa ya betri kisibanwe. Jioni binti alirudi, maswali yote ya siku hiyo akiwa ameyajibu, akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika juu ya betri tarehe ya kufungwa kwake.

Tarehe hiyo bado inasomeka, na huu ni mwaka wa tatu. Binti alifaulu kwa tabu, maana yale maswali mawili yalimgharimu, na sasa anasomea ualimu. Juzi baba yake alimpeleka stendi na sanduku lake. Kabla ya kuondoka binti alifungua kiti, akatazama mstari wa maji, akafunga. "Twende, baba," alisema. Ikawaka mara moja.

Funzo

Wenzangu, haraka haraka haina baraka. Betri hudumu kwa kuchaguliwa inavyolingana na chombo chako, kuchajiwa kwanza, kutobebeshwa mapambo isiyoyaweza, kupewa maji yanayoifaa na kupimwa ikiwa bado nzima. Na ikikohoa, usiseme ni baridi. Kuna mtu nyuma yako ameshika mabega yako, naye hana mguu mwingine isipokuwa wewe.