Maji ya Vyombo Juu ya Ufuo

Jua lilikuwa limeshainama nyuma ya mapaa ya mtaa wa Kiponda pale Msabah, fundi wa mabomba, alipopiga hodi kwa Bwana Shamsi. Begani kabeba mfuko wa spana, mdomoni kabeba maneno ya kutosha mitaa mitatu. Kazi ndogo tu, aliambiwa. Bwana Shamsi kashuka melini na mashine ya kuoshea vyombo kutoka Uingereza, na jioni ile ile ana wageni. Anataka waione ikivuma.

"Shikamoo, Bi Sichana!" alipaza sauti jikoni. "Nasikia umeletewa mke mwenza! Mweupe, mnene, wala hajibu maneno!"

"Marahaba, mwanangu. Mwenza gani? Huyo ndiye anayenitoa. Ijumaa nnakwenda zangu shamba, Fumba."

Msabah akaushusha mfuko wa spana sakafuni. Bi Sichana alikuwa akiosha vyombo vya nyumba ile tangu enzi za mamake Shamsi, akilala katika kighala kando ya jiko.

"Maji machafu utayapitisha wapi?" aliuliza bibi.

"Kighalani. Kisha nitoboe ukuta, yatokee mtaroni nje."

Bibi akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, vimekunjamana kwa maji ya miaka.

"Kona ya dirisha usiiguse. Ndipo palipokuwa ufuo wa Mwanakheir wangu."

Msabah hakuhitaji kuelezwa. Nyumba ikifiwa, huchimbwa ufuo chini ya kitanda cha kuoshea, maji ya maiti yaingie humo, kisha hufukiwa. Na pale alipooshwa mtu mara ya mwisho, hapamwagwi uchafu. Mwanakheir alikuwa mwana wa pekee wa Bi Sichana. Homa ilimchukua akiwa na miaka tisa.

"Wallahi sipagusi," alisema Msabah, na alikuwa akisema kweli.

Bomba la kuingiza maji halikumpa taabu. Alizungusha katani kwenye meno ya bomba, akaliunga na mfereji, akakaza. Tone halikuvuja. Ukuta ndio uliomtoa jasho. Jiwe la pwani, unene wa mkono mzima! Patasi ya kwanza ilipinda, ya pili ikakatika. Bwana Shamsi kachungulia mara ya tatu.

"Fundi, wageni wanapanda ngazi!"

Sakafu ya kighala nayo ilikuwa chokaa ngumu, kila pahala. Isipokuwa kona ya dirisha. Pale udongo ulikuwa mlaini, mkavu, wenye kiu.

Kwa leo tu, alijiambia. Kesho ntatoboa ukuta. Bi Sichana keshatoka uani kuswali magharibi, hatajua.

Akachimba futi mbili. Akaelekeza bomba humo, akafunika na gunia. Akawasha mashine.

Vuuu... vuuu...

Maji yakateremka. Shombo la samaki, mafuta ya pilau, mabaki ya mchuzi, yote yakaingia shimoni, glu, glu, glu. Msabah akatabasamu. Kisha harufu ikageuka.

Kafuri, ile ya kuoshea maiti.

Akainama. Chini ya gunia kulikuwa na mlio mdogo, kama wa mtoto anayetema maji.

"Mama..."

Sauti nyembamba. Karibu na kifundo cha mguu wake.

"Mama... macho yananiwasha..."

Aliruka, akazima mashine, akachomoa bomba. Gunia lilikuwa limetuna katikati, kama limefunika kichwa. Akalivuta kwa ncha za vidole.

Udongo tu. Na povu, likipasuka polepole.

"Uliniapia, Msabah."

Bi Sichana alikuwa kasimama mlangoni, bado kajitanda kanga ya kuswalia. Msabah akapiga magoti.

"Nisamehe, mama'ngu. Ntapasafisha sasa hivi, ntapafukia. Ukuta ntautoboa hata kwa meno. Nimemsikia, Bi Sichana. Kasema macho yanamuwasha."

"Nani kasema?"

"Mwanakheir."

Bibi akaketi chini taratibu.

"Mwanangu alikuwa bubu," alinong'ona. "Kaja bubu, kaondoka bubu. Miaka tisa nnamkogesha, sabuni ikimuingia machoni hunipiga vikofi mkononi ili nijue." Akainua uso. "Ikoje?"

"Nini, mama?"

"Sauti yake."

Msabah akalitazama povu.

"Nyembamba," alisema. "Ni... nyembamba tu."

Juu darini wageni waliangua kicheko. Bi Sichana aliinuka, akaingia jikoni. Aliporudi kabeba ndoo ya maji aliyosuuzia masufuria, ukoko ukielea juu yake.

"Usifanye, Bi Sichana! Si wewe mwenyewe uliyenikataza?"

"Ijumaa nnakwenda Fumba. Nani atanifungulia mlango huu tena?" Akaisogeza ndoo ukingoni mwa shimo. "Mara moja tu. Nimsikie."

Akamimina.

Kafuri ikapanda, kali, mpaka ikawasha pua. Wote wawili waliinama, vichwa vikigusana.

"Mie sisikii kitu," alinong'ona bibi. "Anasema? Niambie, anasema?"

Masikioni mwa Msabah, mtoto alikuwa akisema. Alikuwa akilia kwa kwikwi, maji yakimkata pumzi.

"Fundi... mwambie mama aache..."

Msabah akamwambia. Neno kwa neno, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Bi Sichana akaziba kinywa kwa upindo wa kanga. Uso wake ulikunjuka kama wa mzazi anayewekewa mtoto kifuani kwa mara ya kwanza.

"Kaniita mama?"

Akaiokota ndoo, akarudi jikoni kuijaza.