Jicho la Wanu

Kila siku akitoka skuli, Mwanakheir alimpelekea baba yake chakula mahali alipokuwa akijenga. Mwaka ule wa 1954, Fundi Ame alikuwa akijenga nyumba mtaani Ng'ambo, karibu na kisima. Mwanakheir alikuwa na miaka kumi na miwili, na hapakuwa na jambo asilokuwa na neno juu yake. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, atakujibu. Ukimuuliza kwa nini tui limekatika, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Majirani walimcheka, naye akadhani wanamsifu.

Siku hiyo alifuatana na mdogo wake, Wanu, mtoto wa miaka sita. Baba yao hawakumkuta. Alikuwa ameondoka na gari la ng'ombe kufuata mawe. Wanu akasimama ukingoni mwa shimo la chokaa, akaitazama ilivyokuwa nyeupe na laini kama uji.

"Dada, hii inaunguza?"

"Haiunguzi. Imeshapoa tangu juzi," akajibu Mwanakheir, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo.

Wanu akaokota jiwe, akalitupa shimoni. Chokaa ikaruka, ikamwingia jichoni.

Ukelele alioutoa ulimkata Mwanakheir maini. Mtoto alianguka mchangani, akawa analisugua jicho kwa ngumi. Watu wakakusanyika. Muuza kahawa akasema atiwe asali. Abrahman, seremala wa jirani, akasema asali haifai, dawa ni mafuta ya nazi. Mwanamke mmoja akaja mbio na ndoo ya maji kutoka kisimani.

"Msimtie maji!" Mwanakheir akapiga kelele. "Chokaa ikipata maji huchemka! Jicho litapasuka!"

Mwenye ndoo akasita.

"Msikilizeni," akasema Abrahman. "Huyu binti wa fundi, anajua."

Ndoo ikawekwa chini. Ni kweli Mwanakheir alikuwa amemwona baba yake akiyamwagia maji mawe ya chokaa yaliyotoka tanuuni, yakachemka na kufuka moshi. Lakini habari za jicho hakuzijua hata chembe. Wanu alilia mpaka sauti ikamkauka, na watu wote wakamtazama Mwanakheir, wakingoja awaambie la kufanya. Akapiga magoti, akamshika mdogo wake mikono asilisugue jicho.

Hapo akatokea Bi Kazija, mwanamke aliyefanya kazi ya kupiga sakafu za chokaa kwa miaka ishirini.

"Mbona mnamtazama tu? Kwa nini hamjamtia maji?"

"Yatachemka," Mwanakheir akanong'ona.

"Nani kakwambia?"

Mwanakheir alitaka kumtaja baba yake, lakini hakuthubutu kumsingizia. "Hakuna, Bi Kazija. Nimesema tu."

"Hii ilishamwagiwa maji, imeshachemka zamani! Uliobaki ni ukali wake, nao unamla jicho hivi sasa. Dawa yake ni maji, tena mengi. Leta ndoo!"

Akamlaza Wanu ubavu, akamfumbua jicho kwa vidole, akamimina maji polepole. Ikaisha ndoo ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Mwanakheir alikimbia kisimani na kurudi huku akilia na kumwomba Mungu. Baba alipofika, alimbeba Wanu moja kwa moja mpaka hospitali, Bi Kazija na Mwanakheir wakimfuata nyuma.

Wakimngoja daktari, Wanu akauliza, "Dada, nitaona tena?"

Mwanakheir akamshika mkono. "Sijui, Wanu," akasema. "Wallahi sijui."

Walingoja sana. Hatimaye daktari akatoka, akasema jicho litapona. "Yamemwokoa maji. Lau mngechelewa zaidi kidogo, lingekufa."

Baba akamgeukia Bi Kazija kumshukuru, lakini Mwanakheir akamkatiza. "Baba, ni mimi niliyewazuia watu wasimtie maji. Na ni mimi niliyemwambia chokaa haiunguzi."

Fundi Ame akamsogelea binti yake. Kisha akamshika bega.

"Mwanangu, watu wale waliiweka ndoo chini kwa sababu wewe ni binti yangu. Walidhani maneno yale umeyapata kwangu. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Ungesema hujui, ungeona haya kidogo, na haya huisha. Jicho la mdogo wako lingekufa, mimi na ufundi wangu wote nisingeweza kulijenga."